Taya Hueleza Nguvu, Halielezi Chakula

Katika soko la Mwanjelwa mnunuzi mzoefu wa mahindi hapotezi muda kumuuliza mwenye mali kama mzigo umekauka. Hutia mkono ndani ya gunia, akachota punje chache kutoka katikati, akaiweka moja baina ya magego na kuibana. Punje kavu hulia na kupasuka. Iliyo mbichi hubonyea kimya kimya. Hapo bei hupatana au huvunjika. Taya la mnunuzi limefanya kazi ya mzani, na hakuna aliyelisomea shuleni.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mzani huo. Wako wataalamu duniani ambao kazi yao ni kupima nguvu ya taya, la kwetu sisi binadamu na la jamaa zetu wote tulio nao katika ukoo mmoja wa viumbe: komba, tumbili, nyani na sokwe. Huenda ukaona ni kazi ya watu waliokosa la kufanya. Lakini sehemu kubwa ya habari hiyo imechimbwa katika ardhi ya Tanzania, na imo ndani yake hadithi ya jina moja lililotolewa kwa haraka, likadumu kwa karibu miaka 50 kabla ya kupata wa kulipinga kwa ushahidi.

Kwanza tujue taya linavyofanya kazi. Weka vidole vyako juu ya panja, pale kando ya paji la uso, kisha ubane meno kwa nguvu. Utasikia kitu kinavimba chini ya vidole. Huo ni msuli wa panja. Umeshika ubavu wa fuvu, ukashuka kupita nyuma ya mfupa wa shavu, na kwenda kukamata taya la chini. Sasa shusha vidole kwenye shavu, karibu na pembe ya taya, ubane tena. Huo ni msuli wa shavu, mfupi na mnene. Hiyo miwili, ikisaidiwa na mingine midogo ya ndani, ndiyo inayofanya karibu kazi yote ya kutafuna.

Taya lenyewe ni nyenzo, kama zile tulizofundishwa katika somo la sayansi shule ya msingi. Egemeo lake ni kiungo kilichoko mbele ya sikio. Msuli huvuta katikati, na kitu kinachotafunwa huwa mbele. Kitu kikikaa karibu na egemeo, nguvu huwa kubwa zaidi. Kikikaa mbali, hupungua. Ndiyo maana mtoto akipewa mfupa wa kuku, bila kufundishwa na mtu, huupeleka kwenye magego na si kwenye meno ya mbele. Na ndiyo maana nyani mwenye pua ndefu iliyochomoza ana faida na hasara: anaweza kuachama sana na kuonyesha chonge zake za kutisha, lakini meno yake ya mbele yako mbali na egemeo.

Tukiyajua hayo, twende Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alikuwa akitembea kwenye mteremko wa bonde lile, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Akaona mfupa umechomoza ardhini. Ulikuwa sehemu ya fuvu, na juu yake taya la juu lenye magego makubwa kupita kiasi. Vipande vilikusanywa kimoja kimoja na kuunganishwa. Louis Leakey akampa kiumbe huyo jina la Zinjanthropus boisei. Sehemu ya kwanza ilitokana na Zinj, jina la kale ambalo Waarabu waliita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Sehemu ya pili ilikuwa heshima kwa Charles Boise, tajiri aliyegharimia kazi yao. Mwaka 1961 tabaka la majivu ya volkano lilipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, ikaonekana fuvu lile lina umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Dunia ilishtuka, kwa kuwa wakati huo wengi hawakudhani kwamba ukoo wa binadamu una umri mkubwa namna hiyo.

Sura ya Zinj ilikuwa ya ajabu. Juu ya utosi wake umesimama ukingo wa mfupa, mfano wa upanga uliolazwa kutoka mbele kwenda nyuma. Ukingo huo haukuwa pambo. Misuli ya panja ilikuwa mikubwa mno hata ubavu wa fuvu haukuitosha; ikapanda mpaka utosini, wa kulia ukakutana na wa kushoto, na mfupa ukaota ukingo ili ipate mahali pa kushika. Sokwe-gorila dume anao ukingo kama huo. Mifupa ya mashavu ya Zinj nayo imetanuka pembeni na kusogea mbele, hata uso ukaonekana kama sahani. Maana yake ni kwamba msuli wa shavu ulivuta kutoka mbele zaidi, karibu na magego, na nyenzo ikawa na nguvu zaidi. Magego yenyewe yana gamba nene mno.

Fuvu lilipatikana bila taya la chini. Januari 1964, katika msafara wa Richard Leakey na Glynn Isaac huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, Mkenya Kamoya Kimeu aliliona taya la chini la kiumbe wa aina ileile, likiwa na meno yake yote. Halikuwa la Zinj yule wa Olduvai, lakini lilimfaa kama mfuniko unavyofaa chungu. Sasa wataalamu walikuwa na mashine nzima, juu na chini.

Kutokana na mashine hiyo likazaliwa jina la utani lililoenea magazetini na vitabuni kote duniani: Mtu Mvunja Kokwa. Hoja ilikuwa nyepesi, na ilikubalika kwa urahisi. Mwenye taya kubwa hivi, misuli mikubwa hivi na magego mapana hivi, atakuwa alikula nini kama si karanga za mwituni, mbegu ngumu na kokwa? Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa hivyo.

Lakini je, nguvu ya taya la maiti hupimwaje? Msuli huoza. Kinachobaki ni mfupa na alama za mahali msuli uliposhika. Mpimaji hutazama upana wa nafasi iliyoko nyuma ya mfupa wa shavu, pale msuli wa panja unapopita, akakadiria unene wa msuli. Kwa wanyama walio hai inajulikana kwa makadirio kila sentimita moja ya mraba ya msuli inaweza kuvuta kwa nguvu gani. Huzidisha, kisha hutia hesabu ya nyenzo, akapata nguvu ya meno. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Demes na Creel, walitumia njia ya namna hii kwa mafuvu ya kale, na jamaa za Zinj wakaonekana kuwa na nguvu ya kuuma iliyo kubwa sana. Mwaka 2010 wengine walionyesha njia nyingine: kutazama jinsi gamba la jino lilivyomeguka ukingoni, kama kikombe cha udongo kilichogongwa, na kutokana na ukubwa wa kipande kilichotoka wakakadiria nguvu iliyokimegua.

Kwa walio hai kazi ni nyepesi kidogo. Mtu huuma chombo kidogo chenye kipima nguvu, na tarakimu husomwa. Kipimo kinachotumika ni nyutoni. Kwa hesabu ya sokoni, nyutoni 10 ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Mtu mzima mwenye meno mazima akibana magego kwa nguvu zake zote, mara nyingi hufikia nyutoni 500 au zaidi. Hiyo ni kama uzito wa mfuko mmoja wa saruji, wote umeelemea punje yako ya mahindi.

Kuanzia miaka ya 1970, William Hylander wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani alikwenda mbali zaidi. Alibandika vipimo vidogo juu ya mfupa wa taya la wanyama hai, wakiwemo komba na aina ya tumbili wa Asia, kisha akawapa chakula na kusoma jinsi mfupa ulivyojipinda katika kila tafuno. Akagundua jambo zuri. Tumbili akitafuna upande wa kulia, misuli ya kushoto nayo husaidia kwa nguvu, na nguvu hiyo hupita kidevuni kwenda upande wa pili. Komba, yule mnyama wa usiku anayelia kama mtoto mchanga, hafanyi sana hivyo. Nusu mbili za taya lake la chini hazikuungana kidevuni kuwa mfupa mmoja. Zimeshikwa na kano tu. Kwetu sisi na tumbili zimeungana. Kumbe hata kidevu kina sababu yake.

Sasa turudi kwa Mvunja Kokwa. Mwaka 2008 Peter Ungar na wenzake walitazama kwa darubini kali nyuso za magego ya viumbe wa aina ya Zinj. Chakula kigumu kinapovunjwa huacha vishimo juu ya jino. Majani na nyasi huacha mikwaruzo myembamba. Katika meno 7 yaliyokuwa bado na alama nzuri, hawakuona vishimo vya mvunja kokwa hata kwenye jino moja.

Mwaka huohuo ulitoka uchunguzi mwingine ambao mmoja wa waliouandika ni Mtanzania, Profesa Fidelis Masao, pamoja na Nikolaas van der Merwe na Marion Bamford. Wao walipima kaboni iliyomo ndani ya gamba la jino. Majani ya miti na matunda yana kaboni ya namna moja. Nyasi za nchi za joto na ndugu zake waotao majini zina nyingine, na mlaji huibeba katika meno yake mpaka kaburini. Viumbe wawili wa aina ya Zinj kutoka Tanzania walionekana kupata asilimia 77 na 81 ya chakula chao katika kundi hilo la pili. Wachunguzi wakaelekeza kidole kwenye mafunjo, yale matete ya kinamasi. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake walipima meno ya viumbe 22 kutoka Kenya, na wastani ukawa asilimia 77. Hao walikuwa walaji wa nyasi au mafunjo, si wavunja kokwa.

Je, basi waliopima nguvu walikosea hesabu? Hapana. Nguvu ilikuwapo. Kosa lilikuwa katika kuruka kutoka nguvu kwenda chakula. Msuli mkubwa una matumizi mawili. Unaweza kutoa pigo moja zito, kama fisi avunjavyo mfupa. Unaweza pia kufanya kazi ya wastani mara maelfu kwa siku bila kuchoka, kama ng'ombe acheuavyo. Nyasi na mafunjo hazihitaji pigo. Zinahitaji kusagwa asubuhi mpaka jioni. Magego mapana na gamba nene vinamfaa pia yule ambaye meno yake yanalika kila siku kwa mchanga na majani makavu. Taya lilisema ukweli mtupu: nina nguvu. Sisi ndio tuliojiongezea maneno mengine.

Na sisi binadamu wa leo tulipoteza wapi mataya makubwa? Hapa pia kuna watu waliotaka jibu la haraka. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamegundua chembe ya urithi inayojenga msuli wa taya la sokwe na tumbili, ambayo kwetu imezimika. Wakasema ilizimika miaka milioni 2.4 iliyopita, karibu na wakati ubongo ulipoanza kukua. Habari ikasambaa. Mwaka uliofuata wengine wakarudia hesabu na kupata miaka milioni 5.3, muda mrefu kabla ya ubongo kukua.

Jibu lenye uzito zaidi limo mikononi. Mwaka 2016 Katherine Zink na Daniel Lieberman waliwapa watu nyama mbichi na viazi, wakapima misuli yao ikitafuna. Walihesabu kwamba kama theluthi ya chakula ni nyama, na nyama hiyo ikakatwa na mizizi ikapondwa kwa mawe kabla ya kuliwa, mlaji hupunguza idadi ya kutafuna kwa asilimia 17 na nguvu ya kutafuna kwa asilimia 26. Hapo hata moto haujawashwa. Jiwe lilichukua kazi ya jino. Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini asiende mbali kulitafuta jiwe hilo. Isimila, karibu na mji wa Iringa, palipochimbwa mwaka 1957 na 1958 chini ya Clark Howell, mashoka ya mkono ya mawe yamelala tele kwenye korongo. Ni ya watu waliokuja baadaye sana kuliko Zinj, lakini kazi ya kukata na kuponda ni ileile. Mama anayetwanga mahindi leo anaendeleza ufundi huo huo: kinu kinatafuna ili mtoto asitafune sana.

Usidhani tena kwamba habari za mataya ni za kaskazini peke yake. Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha habari kutoka Bonde la Ufa la Rukwa, upande wetu huu wa kusini-magharibi. Nancy Stevens na wenzake, Watanzania na wageni, walieleza mataya mawili kutoka miamba iitwayo Nsungwe, yenye umri wa miaka milioni 25.2. Moja ni kipande cha taya la chini chenye meno kadhaa, cha kiumbe wa ukoo wa sokwe na binadamu, wakakiita Rukwapithecus. La pili ni kipande kidogo chenye gego moja, cha ukoo wa tumbili na nyani, wakakiita Nsungwepithecus. Wakati huo vilikuwa ndivyo vya kale kuliko vyote vilivyojulikana katika koo hizo mbili. Maana yake ni kwamba kufikia wakati huo ukoo wetu na ukoo wa tumbili ulikuwa umekwisha kutengana, na ushahidi umetoka mahali ambapo basi kutoka Mbeya hufika siku hiyohiyo.

Hapa somo la Zinj linatufaa. Meno yale yanatosha kutaja ukoo. Hayatoshi kupima nguvu, maana fuvu halipo, ukingo haupo, wala nafasi ya msuli wa panja haipo. Waliolichapisha hawakulitungia jina la utani la chakula, na wamefanya vyema.

Tena tunaye jirani aliye hai. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wakimtaja kipunji zamani kabla ya mtaalamu yeyote kumwona. Mwaka 2003 alionekana na watafiti katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na mwaka 2004 katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Mwaka 2005 alitangazwa kwa picha, akahesabiwa kuwa jamaa wa mangabei. Kisha dume mmoja, hajakomaa bado, alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima. Mwili wake ulipelekwa kwenye jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Vipimo vya chembe za urithi vikamweka karibu na nyani, ingawa kwa sura hakufanana naye. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kwa mara nyingine umbo lilisema jambo moja na kipimo cha ndani kikasema lingine.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu. Hula majani, matunda na magome, na msitu ukipungua huingia kwenye mahindi, ndipo anapokutana na mitego. Namwelewa mkulima. Gunia analolipoteza ni ada ya shule. Lakini naomba tulitazame jambo hili kwa macho mawili. Taya la Zinj tunalikisia, kwa kuwa hakuna aliyemwona akila. Kipunji tunaweza kumwona leo, akiwa juu ya mti, anachuma nini na anatafuna mara ngapi. Akiisha, watakaokuja baada yetu watabaki na fuvu lililoko ng'ambo, na wataanza kubahatisha kama tulivyobahatisha kwa Zinj.

Fuvu la Zinj lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965 na kuwekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ombi langu kwa walimu wa Mbeya, Iringa na Songwe ni kwamba tusiwafundishe watoto jina la Mvunja Kokwa bila kuwaeleza jinsi lilivyovunjika. Wafundishwe pia Nsungwe, waitaje kama wanavyoitaja Olduvai. Na apatikane kijana wa huku atakayesomea kupima mataya haya yeye mwenyewe, kama Profesa Masao alivyokuwa miongoni mwa waliompima Zinj, ili siku fuvu zima likipatikana Rukwa, asisubiri kusimuliwa.

Tukutane juma lijalo.